Mtiifu au Mzingatifu? Kuhusu Kuajiri Afisa wa Sheria Katika Vyama vya Akiba na Mikopo

Ipo ajenda moja ambayo, ikifikishwa mbele ya mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo, huzua minong'ono hata kabla haijasomwa ikaisha: kuajiri afisa wa kuhakikisha kwamba chama kinafuata sheria. Wanachama, aghalabu walimu wenzetu, huuliza: tunaye mwenyekiti, tunaye mweka hazina, mkaguzi wa hesabu huja kila mwaka, huyu mwingine wa nini? Je, mshahara wake hautakatwa kwenye gawio letu? Swali hili si la kubezwa. Atoaye jasho ana haki ya kuuliza linakokwenda.

Hata hivyo, mazingira ya kisheria yamebadilika mno. Baada ya Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya 2008, ilifuata Sheria ya 2009 dhidi ya utakasaji wa fedha haramu, kisha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mnamo Februari 2024 Kenya ilitiwa katika orodha ya kimataifa ya nchi zinazofuatiliwa kwa ulegevu wa kudhibiti fedha haramu, jambo lililozidisha ukali wa wasimamizi. Tuchukue mfano mmoja tu. Kipakatalishi chenye majina, namba za vitambulisho na mishahara ya wanachama kikiibwa, na chama kikapata habari Ijumaa jioni, sheria ya 2019 inakipa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data iwapo kuna hatari ya kweli ya wahusika kudhurika. Muda huo unakwisha Jumatatu jioni. Nani atakayeandika barua hiyo? Mweka hazina aliye darasani na kidato cha nne? Adhabu yaweza kufikia shilingi 5,000,000, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa kutegemea kiasi kilicho kidogo. Wasiodhani kuwa Kamishna hung'ata wakumbuke shule iliyotozwa shilingi 4,550,000 mnamo Septemba 2023 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Pamoja na hayo, siungi mkono wale wanaotaka kila chama, hata chenye wanachama mia mbili, kiwe na afisa wake na ofisi yake. Kuhusu afisa wa data, sheria yenyewe inatumia lugha ya hiari. Inaruhusu kazi hiyo ifanywe na mfanyakazi aliyepo mwenye majukumu mengine, mradi majukumu hayo yasigongane. Tena inaruhusu kundi la taasisi kumshiriki afisa mmoja iwapo kila taasisi inaweza kumfikia. Vyama vidogo vitatu au vinne vya wilaya moja vingeweza kuchangiana mshahara. Ushirika ndio uliovizaa vyama hivi. Sioni sababu ya kuuona mgeni katika jambo hili.

Neno "mradi" hapo juu lina uzito. Chama kinachomkabidhi kazi hii afisa wa mikopo, au meneja mwenyewe, kinampelekea ngedere kesi ya nyani. Afisa apeleke taarifa zake kwa halmashauri moja kwa moja, wala asiweze kuachishwa kazi na meneja peke yake. Bila kinga hiyo afadhali fedha hizo zibaki katika gawio.

Sasa tufike kwenye suala linalotuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Wengine humwita mtu huyu "afisa wa utiifu", na istilahi hii naona inapotosha. Mtiifu hutii amri hata asipoielewa, na amri yenyewe huweza kutoka kwa mkubwa wake. Mwenye kuzingatia hulitia jambo maanani, akalipima, ndipo akalifuata. Chama kikitangaza nafasi ya mtiifu kitapata mtu wa kujaza fomu na kumpigia meneja saluti. Napendekeza "afisa wa uzingatiaji wa sheria", ingawa ni refu.

Tofauti hiyo inapasa kuonekana katika usaili pia. Sheria ya 2019 inataka idhini ya mtu iwe ya hiari na itolewe akiwa anafahamu anachokikubali. Fomu nyingi za mikopo nilizozishika mimi zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mdhamini hutia sahihi palipowekwa alama ya msalaba. Ufahamu uko wapi hapo? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimeifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini katika kaunta za vyama vyetu hakijafika. Kwa hivyo, pamoja na shahada ya sheria au uhasibu, mwombaji apewe aya moja ya fomu hiyo na aombwe kuifafanua kwa Kiswahili mbele ya mwanachama wa kawaida, kisha mwanachama aulizwe ameelewa nini. Mwombaji akishindwa hapo, vyeti vyake visimwokoe.

Idara zetu nazo zinafundisha tafsiri kwa matini za fasihi zaidi kuliko za sheria. Mhitimu wetu akiletewa fomu hiyo ya mdhamini leo, sina hakika angeimudu kuliko wakili aliyeiandika.