Muuguzi mupya, andikisha jina pale utafanya kazi

Ndugu wachimbaji, mama zetu munaouza chakula kwenye migodi, watoto wetu munaosoma,

Juzi baba mumoja wa hapa Kingi alinifikia na binti yake. Binti amemaliza ITM, jury amepita, diploma ya A2 iko mukononi. Baba alichimba coltan miaka mingi juu ya ile karatasi. Sasa familia imegawanyika. Mujomba anasema binti aandikishwe Goma. Yaya yake anasema Kinshasa, kwa wakubwa. Jirani anasema wauze kipande cha shamba, aende Kampala, kule njo muuguzi analipwa. Baba akaniuliza: "Kamarade, wewe ungefanya nini?"

Ninamujibu hapa, maana hayuko peke yake.

Kwanza tusichanganye vitu viwili. Diploma inasema umesoma. Haisemi unaruhusiwa kutibu watu. Sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016 iliunda Ordre des Infirmiers, na inataka kila muuguzi awe na jina kwenye tablo ya Ordre mbele ya kuanza kazi. Ordre ni moja kwa inchi yote, lakini iko na konseye katika provinsi.

Sasa Kampala. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi wanafikiri tangu pale karatasi zetu zinavuka mupaka zenyewe. Hapana. Uganda iko na baraza lake la wauguzi na wakunga, Rwanda vilevile. Namba ya Congo haikupi ruhusa kule, na namba ya kule haikupi ruhusa ya kuchoma sindano Masisi. Utaanza upya: karatasi za Kifaransa zitafsiriwe kwa Kiingereza, baraza liziangalie, na wewe unangoja huku unalipa nyumba. Simukatazi mutu. Mwenye kujua Kiingereza na kuwa na kazi ya kweli inayomungoja, aende. Lakini tusiuze shamba juu ya maneno ya jirani.

Tuje kwa Goma na Kinshasa. Rubaya ilichukuliwa na M23 mwisho wa Aprili 2024, Goma mwisho wa Januari 2025, na serikali ya provinsi ilihamia Beni. Vijana wanauliza: muhuri wa wapi utakubaliwa kesho? Ni swali la haki. Ushauri wangu ni huu: mwenye atatibu watu wa Masisi ao Walikale, ajiandikishe kwa konseye ya provinsi yake, kwa njia anaweza kupita bila kuweka maisha hatarini. Mbele ya kulipa, aulize: jina langu litafika kwenye tablo ya inchi nzima? Aombe risiti. Diploma ya kweli ibaki nyumbani, atoe kopi. Na asimupe franga hata moja mutu wa njiani anayesema "nitakuletea namba".

Kwa wakubwa wa pande zote tunasema: mugonjwa hana upande. Musikatae jina la muuguzi juu ya muhuri.

Mutaniuliza: sendika ya wachimbaji inaingilia nini mambo ya wauguzi? Nitawaambia. Siku moja kwenye kilima nilichomwa sindano na mutu mwenye begi la dawa. Muguu ulivimba mwezi muzima. Nyuma njo nilijua hakusoma uuguzi hata siku moja, alikuwa muuzaji wa dawa tu. Sikumuuliza namba. Nani kati yetu anauliza? Shimo likianguka, tunamukimbilia yeyote mwenye kushika sindano. Na wakati uleule, mabinti zetu wenye diploma wanakaa nyumbani juu ya kukosa franga ya kujiandikisha. Tunamulipa asiyesoma, na aliyesoma kwa jasho letu tunamuacha anapika maharagi.

Basi, tunaomba vitu viwili. Kwanza, kila koperative imulipie muuguzi mupya mumoja franga ya kujiandikisha, naye atumike kwenye posti ya mugodi miaka miwili. Muandike mapatano, kila mutu atie sahihi. Pili, kila fasi ya kutibu kwenye migodi ibandike namba ya muuguzi ukutani, fasi kila mutu anaweza kusoma. Hakuna namba, hakuna sindano.

Yule baba nilimwambia asiuze shamba. Ekipe yake ya shimo imekubali: likelemba ya mwezi unaokuja ni ya binti. Wao njo watakuwa wagonjwa wake wa kwanza, na wanajua.