Tamko Kuhusu Haki ya Mwanafunzi Kuongoza Mwendo wa Slaidi katika Kozi za Mtandaoni



Sisi wanachama wa chama cha walimu, wakufunzi na watengenezaji wa kozi za mtandaoni tunatoa tamko kuhusu jambo linaloonekana dogo lakini linaloamua kama mtu atajifunza au atapoteza muda na bando lake: nani mwenye mamlaka ya kubadilisha slaidi.

Msimamo wetu ni huu. Mwendo wa slaidi uwe mikononi mwa anayejifunza. Mpangilio wa mada na upimaji wa maarifa vibaki kwa mwalimu.

Hali ilivyo

Zipo kozi ambazo slaidi zake hujisogeza zenyewe: sauti ikiisha, inayofuata inaingia, awe msomaji amemaliza kusoma au bado. Zipo nyingine ambazo kitufe cha "Endelea" hufungwa hadi sauti iishe, na mstari wa kurudisha nyuma umeondolewa kabisa. Muuguzi anayezijua hatua za kunawa mikono kwa miaka mingi analazimika kuzisikiliza zote. Mwenzake aliyekwama kwenye hesabu ya dozi hapewi nafasi ya kuirudia. Mwishoni wote wawili wanapewa cheti kimoja.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Watoto wengi wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Slaidi ya Kiingereza yenye aya na mchoro inahitaji muda wa kusoma, muda wa kufikiri, na pengine muda wa kufungua kamusi. Isitoshe, wengi husomea kwenye simu. Mtandao ukikatika katikati ya slaidi iliyofungwa, mwanafunzi huanza upya na kulipia data ileile mara ya pili.

Utafiti unasemaje

Mwaka 2001 Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na mwenzake Paul Chandler walichapisha majaribio yaliyotumia somo fupi la jinsi radi inavyotokea, lenye picha jongefu na maelezo ya sauti. Somo liligawanywa vipande 16. Waliobofya kitufe kila walipokuwa tayari kwa kipande kinachofuata waliwazidi waliotazama somo mfululizo katika maswali ya kutumia walichojifunza kutatua tatizo jipya. Maelezo na picha vilikuwa vilevile kwa wote. Tofauti ilikuwa nani anaongoza mwendo.

Nadharia ya mzigo wa akili, iliyoasisiwa na John Sweller wa Australia katika miaka ya 1980, inaeleza sababu. Akili hushika mambo mapya machache tu kwa wakati mmoja. Slaidi ikiondoka kabla mambo hayo hayajaunganishwa na yale mtu anayoyajua, ile inayofuata humkuta bado anahangaika na iliyopita.

Sheria na viwango

Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa maudhui ya wavuti, WCAG, unaotolewa na shirika la W3C, umelisemea suala hili tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008. Kigezo cha 2.2.1 kinataka mtumiaji aliyewekewa ukomo wa muda aweze, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kuuzima, kuurekebisha au kuurefusha. Kigezo cha 1.4.2 kinataka sauti inayoanza yenyewe na kudumu zaidi ya sekunde 3 iweze kusimamishwa au kupunguzwa. Vyote viwili viko ngazi ya A, ambayo ndiyo ya chini kabisa. Asiyeona anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyoandikwa, anajua maana ya kigezo hicho cha sauti: slaidi ikianza kusema yenyewe, masikioni mwake hupigana sauti mbili na hasikii hata moja.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inagusa ufikivu wa teknolojia ya habari na mawasiliano; ya 24 inahusu elimu. Kozi isiyoweza kusimamishwa inawafungia mlango watu ambao nchi zetu zimekwisha ahidi kuwafungulia.

Hoja ya wanaopinga

Tunaambiwa: mkifungua kitufe, watu watabofya hadi mwisho bila kusoma. Ni kweli, wapo watakaofanya hivyo. Lakini kitufe kilichofungwa hakimzuii mtu kuacha simu mezani akaenda kupika. Kinachopimwa hapo ni muda ambao skrini ilikuwa inawaka. Mwajiri anayetaka kujua kama mtumishi ameelewa, amuulize swali.

Njia hiyo haikuanza leo. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Fred Keller wa Marekani alieleza mfumo ambao kila mwanafunzi alikwenda kwa mwendo wake, ila hakuvuka kwenda sehemu mpya kabla hajafaulu jaribio la ile aliyomo. Udhaifu wake ulijulikana pia: baadhi ya wanafunzi waliahirisha kazi. Dawa yake ni tarehe ya mwisho iliyotangazwa mapema. Kuwahesabia watu sekunde katika kila slaidi hakuponyi ugonjwa huo.

Kwa hiyo tunatamka kwamba:

1. Slaidi isibadilike hadi mwanafunzi abofye, na sauti isianze kabla hajaiwasha.
2. Kila sauti na video iwe na vitufe vya kusimamisha, kurudisha nyuma na kubadili kasi, pamoja na maandishi kamili ya yanayosemwa.
3. Mwanafunzi aweze kurudi kwenye slaidi yoyote aliyopita, na mfumo ukumbuke alipoishia hata mtandao ukikatika.
4. Vitufe vyote vitumike kwa kibodi na visomeke kwa kisoma skrini.
5. Sharti la kukamilisha kozi liwe zoezi au maswali. Muda uliotumika usiwe kigezo cha kutoa cheti.
6. Pale kasi yenyewe ndiyo ujuzi unaopimwa, kama katika mtihani wa kuchapa, ukomo wa muda utajwe kabla ya kuanza.
7. Vipindi vya moja kwa moja virekodiwe, ili aliyeachwa nyuma aweze kuvirudia.

Wito wetu

Kwa watengenezaji: katika programu nyingi za kutengenezea kozi, kufunga au kufungua vitufe ni chaguo katika mipangilio. Fungueni kozi zenu, badilisheni chaguo hilo, mzichapishe upya.

Kwa vyuo, wizara na waajiri: andikeni masharti haya katika zabuni na mikataba, na mdai mkabidhiwe mafaili chanzo ya kila kozi mnayoilipia. Bila mafaili hayo, marekebisho ya saa moja hugeuka kuwa kazi ya kutengeneza kozi upya. Kabla ya kupokea kozi, mpeni mtu asiyeona na mtu mwenye simu ya bei nafuu waijaribu.

Kwa wanafunzi: kozi ikiwakimbiza au ikiwafunga, andikieni walioitoa, mkitaja slaidi na tatizo. Mna haki ya kudai somo linalowasubiri.

Kwa wanachama wetu: kila kozi mpya mtakayoitengeneza ifuate masharti haya, kuanzia sasa.

Imetolewa na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama wote.