Kijana anacheza na nani huko chumbani?

Jumamosi moja mwezi uliopita nilimsikia kifungua mimba wangu akicheka na kupiga kelele chumbani utadhani ana kundi zima la marafiki. Kufungua mlango, yuko peke yake, amevaa vipokea sauti masikioni, anabishana na mtu asiyemjua hata jina. Dadake wa miaka 12 alikuwa ameketi kitandani na kidude cha pili cha kuchezea mkononi.

"Baba, huu mchezo hauna nafasi yangu," akaniambia.

Wazazi wenzangu, msichana alisema kweli. Mashine ya Nintendo 64 ya mwaka wa 1996 ilikuwa na matundu 4 ya kuchomekea vidude hivyo, na runinga moja iligawanywa ili kila mtu apate pembe yake. Mwaka wa 2002 Xbox Live ikaanza kuwakutanisha wachezaji kupitia intaneti, na polepole sebule ikasahaulika. Hata Halo, mchezo uliopendwa na ndugu waliobanana kwenye kochi moja, toleo lake la tano lilitoka mwaka wa 2015 bila ule mgawanyo wa skrini. Skrini ikigawanywa, mashine hulazimika kuchora picha maradufu, na picha za siku hizi ni nzito. Lakini mimi nashuku pesa pia: wawili wa kochi moja hununua nakala moja, walio katika nyumba mbili hununua mbili.

Sisemi intaneti ni mbaya. Wanangu hucheza kandanda na binamu yao aliye Eldoret, nami hufurahi kuwasikia wakitaniana, ingawa bando huyeyuka kama samli juani. Huyo tunamjua. Anayenitia wasiwasi ni yule mtu mzima asiyeonekana anayemtukana mtoto wako nawe uko jikoni unachemsha chai.

Basi tuliihamisha mashine sebuleni. Tumeanza na It Takes Two wa mwaka wa 2021, kisa cha mume na mke waliokosana wakageuka wanasesere, mchezo usiochezeka na mtu mmoja hata ukitaka. Kijana alinuna siku mbili. Jana usiku nikamsikia, "Si hivyo, bonyeza mara mbili ndipo uruke!" Dadake akaanguka shimoni tena, wakacheka wote.

Nimeomba zamu. Wameniambia ningoje.