Chura wa Kihansi na Sisi wa Lamu

Masika yaanzapo kwetu, vyura huwa wa kwanza kutoa habari. Mvua ya usiku mmoja tu yatosha madimbwi ya Hindi na Mpeketoni kujaa sauti zao, na mwalimu wa biolojia huona wakati umewadia wa kuchora ubaoni yai, kiluwiluwi na chura mzima. Wanafunzi huinakili picha hiyo, hupewa alama, na dimbwi lililo nyuma ya darasa hakuna aliyelitazama.

Yupo chura mmoja ambaye laiti angalisomeshwa pamoja na picha hiyo. Ni yule wa korongo la Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Urefu wake haufiki sentimita tatu, rangi yake ni ya manjano, naye hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Duniani kote aliishi mahali hapo pamoja tu, penye eneo la hekta chache lililoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko ya maji. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme wa megawati 180 ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2000 mitambo ilipowashwa, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa njia, na manyunyu yakakatika.

Mwishoni mwa mwaka huohuo vyura 499 walisafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huko walikufa kwa wingi, hata ikafika wakati waliosalia hawakutimia mia. Korongoni nako yalitandazwa mabomba ya kunyunyiza maji. Vyura wakaongezeka kwa muda, kisha mwaka 2003 wakaanguka ghafula, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura sehemu nyingi za dunia ukaonekana kati yao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Bustani za Bronx na Toledo ziliendelea kuwazalisha. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Watu husimulia kisa hiki kama ushindi. Mimi nawasifu waliokesha na visanduku vile vya vioo, kwani pasipo wao leo tungekuwa na jina tu. Lakini yafaa tuulize: kiumbe aliyeumbiwa manyunyu ya Udzungwa alikuwa na shughuli gani New York? Umeme Watanzania waliuhitaji, na sithubutu kuwalaumu kwa hilo. Kilichokosekana ni kulichunguza korongo kwanza, kabla ya kulichimba.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo imewafaa sana wenye miradi. Hapa Lamu ujenzi wa bandari ulizinduliwa mwaka 2012, na wavuvi waliolalamika juu ya mikoko na mikondo walionekana kama vyura hao hao. Iliwabidi waende mahakamani; mwezi wa Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaagiza walipwe shilingi bilioni 1.76. Fedha hulipa hasara ya mvuvi. Mkoko uliokwisha kung'olewa hauna mahakama.

Nawaomba basi walimu wenzangu wa Amu, Pate, Faza na bara: kila shule na iwe na daftari la masika. Wanafunzi waandike tarehe ya mvua ya kwanza, mahali vyura waliposikika, kidimbwi kipi kimefukiwa kwa kifusi na kipi kimejengwa nyumba. Walioko Shela wayaandike machuga ya mchanga, ambayo ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya visima vya mji wetu. Chura na binadamu wanayategemea sawasawa. Kazi hii haihitaji maabara wala mfadhili. Yahitaji kurunzi, kalamu, na ruhusa ya wazazi ya kutoka baada ya isha. Siku mkandarasi atakapokuja na ramani yake, daftari hilo liwe limekwisha jaa miaka kumi, nalo liwekwe mezani kabla ya tingatinga kuwashwa.