TAHARIRI: Dawa ya mikrobu nzuri isichukue nafasi ya SRO

Mtoto akianza kuhara, wazazi wengi wa Butembo na Beni hupitia duka la dawa kabla ya kufika kituo cha afya. Kati ya dawa wanazoweza kuuziwa kuna zile zenye mikrobu hai, kama Bacillus clausii, zinazosifiwa kutengeneza tumbo na kuongeza kinga ya mwili. Je, zinafaa? Zinaweza kusaidia, lakini zisiwe za kwanza.

Mikrobu hizi, hali ikiwa ngumu, hujifunga ndani ya ganda gumu liitwalo spora na kulala kama mbegu ya maharagi inayongoja mvua. Ndiyo maana zinavumilia joto bila friji, zinapita katika asidi ya tumbo, kisha zinaamka ndani ya utumbo na kushindana na mikrobu mbaya. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya chembe za kinga hukaa kwenye utumbo, wachunguzi wanaamini zinaweza kuisaidia kinga pia. Tafiti kadhaa zimeona kuhara kunaisha mapema kidogo. Nyingine hazikuona tofauti.

Lakini kinachoua mtoto anayehara ni kupotelewa na maji, na mikrobu hazirudishi maji. Tangu 2004, OMS na UNICEF wanahimiza SRO pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Mwenye pesa kidogo aanzie hapo, na mtoto aendelee kunyonya na kula.

Sisi tuna sababu nyingine ya kuwa macho. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa nchi, na miji yetu iliumia sana. Homa na kuhara ni kati ya dalili zake. Kujitibu nyumbani kunaweza kuficha ugonjwa huo.

Wauza dawa, ulizeni kwanza kama mtoto amepewa SRO. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mgonjwa mwenye kinga dhaifu sana, asipewe mikrobu hizi bila daktari, maana zimewahi kuingia katika damu ya wagonjwa wa namna hiyo. Wazazi, mkiona damu kwenye choo, macho yamezama au mtoto anashindwa kunywa, kimbieni kituo cha afya. Na viongozi wasisahau: maji safi bomani huzuia kuhara kabla hakujaanza.