Mara 1,000 Kuliko Nini?

Tarehe 28 Julai 2015, kampuni mbili za Marekani, Intel na Micron, zilitangaza aina mpya ya kumbukumbu ya kompyuta iliyoitwa 3D XPoint. Zilidai kuwa ina kasi mara 1,000 na uimara mara 1,000 ya flashi, kumbukumbu iliyomo ndani ya simu, na kwamba data zake hazipotei umeme ukikatika. Sifa hiyo ya mwisho huvutia hospitali yoyote: kumbukumbu kuu ya kompyuta husahau kila kitu umeme ukizimika, na maelezo ya mgonjwa ambayo hayajahifadhiwa hupotea.

Hata hivyo, flashi nayo haisahau. Jipya lilikuwa kasi, na hapo ndipo swali lilipo: mara 1,000 ikipimwa wapi? Namba hiyo ilihusu kumbukumbu yenyewe, si kifaa kizima. Diski zilipoingia sokoni mwaka 2017 kwa jina la Optane, zilijibu takriban mara kumi haraka kuliko za flashi. Kasi iliyobaki ilimezwa njiani, katika programu na mawasiliano kati ya diski na kompyuta.

Mara kumi si haba. Wala si lazima kuwe na uongo hapo. Madaktari wanaifahamu hesabu ya namna hii. Dawa inayopunguza vifo kutoka wagonjwa 2 hadi 1 katika kila 1,000 yaweza kutangazwa kuwa imepunguza vifo kwa asilimia 50, na ikawa kweli. Mgonjwa anayeinunua kwa fedha za ada ya mtoto anastahili kuelezwa na ile namba nyingine. Vivyo hivyo dawa iliyoua vijidudu katika kichupa cha maabara: je, ilifika kwenye mapafu?

Halafu kuna bei, ambayo matangazo huipitia haraka. Kwa kila gigabaiti, flashi ilibaki nafuu zaidi. Micron ilijitoa mwaka 2021. Julai 2022 Intel nayo ikatangaza kuifunga biashara ya Optane.

Hospitali inayoletewa mfumo wa majalada wenye "kumbukumbu ya kisasa" ina haki ya kuomba kipimo kingine: jalada lifunguliwe kwenye kompyuta ya mapokezi, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Kisha umeme uzimwe makusudi, ionekane ni maandishi gani yaliyobaki.