Nani Aliyepima Kazi ya Yaya?

Kenya ina jedwali la kima cha chini cha mshahara ambalo waajiri wengi hawajawahi kulisoma. Mstari mmoja wa jedwali hilo umewakusanya kibarua wa kawaida, mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Katika amri ya mwaka 2022, wote hao walipangiwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ukishuka kidogo unamkuta mpishi na mhudumu wa hoteli, ambao kima chao ni cha juu zaidi. Shuka tena, utamkuta mlinzi wa usiku, naye yuko juu ya yaya.

Sina ugomvi na mlinzi wa usiku. Kukesha getini kwenye baridi ni kazi ngumu, na aliyeamua kwamba usiku ulipwe zaidi ya mchana aliamua kwa haki. Swali langu linamhusu yaya. Analala chumba kimoja na mtoto mchanga. Saa nane usiku mtoto akilia, yeye ndiye anayeamka kupasha maziwa, kumbeba begani mpaka apate usingizi na kubadilisha shuka lililolowa. Saa kumi na moja alfajiri yuko jikoni, chai inachemka huku akipiga pasi sare za wakubwa wanaokwenda shule. Usiku wake haumo kwenye jedwali. Upishi wake haumo pia, kwa sababu jedwali linamtambua mwenye jina la mpishi, ilhali anayepika nyumbani kwa mtu, hata akilisha watu wanane mara tatu kwa siku, anabaki kuwa mtumishi.

Mjadala wa malipo sawa kati ya wanawake na wanaume kwetu huishia pabaya kwa sababu hatuanzi na jedwali kama hili. Tunaanza na swali jepesi: je, kuna sheria inayosema mwanamke alipwe pungufu? Hakuna. Mwalimu wa kike na wa kiume wa daraja moja hupokea mshahara mmoja, na kadhalika muuguzi, karani na hakimu. Msemaji wa serikali akilitaja hilo anasema kweli, na mkutano unafungwa. Lakini sheria zetu zenyewe zinadai zaidi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inasema hivyo hivyo kuhusu wanawake na wanaume. Zote mbili zinafuata Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951, ambao Kenya iliuridhia 2001 na Tanzania 2002. Kazi yenye thamani sawa haimaanishi kazi ileile. Inamaanisha kwamba kazi mbili zisizofanana, kama ya kulea mtoto na ya kulinda geti, zinaweza kulinganishwa kwa ujuzi zinaohitaji, nguvu zinazokula, dhamana zinazobeba na mazingira zinamofanyika, kisha malipo yafuate matokeo ya ulinganisho huo. Mkataba unahimiza upimaji huo ufanywe kwa vigezo vya wazi. Kwa yaya, upimaji huo haujafanywa.

Kwamba vita halisi viko kwenye kupima, wanawake wa kiwanda cha Ford cha Dagenham, mashariki mwa London, walilijua hilo zaidi ya nusu karne iliyopita. Mwezi Juni 1968, mafundi cherehani 187 waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari waliweka chini kazi. Kampuni ilikuwa imepanga kazi upya kwa madaraja, na wao ikawatia daraja B, la kazi isiyo na ujuzi mkubwa, badala ya C. Walijua kwamba hakuna aliyeajiriwa pale bila kufanyiwa majaribio ya kushona. Juu ya hilo, hata ndani ya daraja B walikuwa wakilipwa asilimia 85 ya alichopata mwanamume. Gari lisilo na viti haliuziki, kwa hiyo baada ya muda uzalishaji ulisimama. Waziri wa ajira, Barbara Castle, akaingilia kati, na baada ya wiki tatu wanawake wakarudi kazini wakiwa na asilimia 92. Mwaka 1970 Uingereza ikapitisha sheria ya malipo sawa, ikaanza kutumika mwishoni mwa 1975.

Historia huishia hapo, kwa shangwe. Lakini dai la kwanza la mafundi wale, kwamba kazi yao ipimwe upya, halikujibiwa. Daraja C walilipata baada ya mgomo mwingine, mwaka 1984. Ilikuwa rahisi kwa kampuni na serikali kuwapunguzia wanawake pengo la asilimia kuliko kukiri kwamba kushona ni ujuzi. Miaka 16 ilipita kati ya mambo hayo mawili, na kwa zaidi ya nusu ya muda huo sheria ya malipo sawa ilikuwa tayari ikitumika.

Na wasiopima hulipa baadaye. Halmashauri ya jiji la Birmingham kwa miaka mingi iliwapa wazoa taka na wafagiaji wa barabara bonasi ambazo wapishi wa shule, wasafishaji na walezi, wengi wao wanawake, hawakuzipata. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wafanyakazi wa zamani 174 kuendelea na madai yao. Septemba 2023 halmashauri hiyo ilitangaza kwamba haiwezi kumudu bajeti yake, ikikadiria wakati huo kwamba madai ya malipo sawa yanaweza kufikia pauni milioni 650 hadi 760.

Sasa turudi nyumbani, upande wa Tanzania, ambako tarakimu zinasema waziwazi kuliko za Kenya. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2013 ilimpa msaidizi wa kazi za ndani anayelala kwa mwajiri shilingi 40,000 kwa mwezi. Mlinzi wa kampuni ndogo ya ulinzi alipewa 100,000. Ikaja amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023: dada wa kazi 60,000, mlinzi 148,000. Wote wawili waliongezewa, na magazeti yakaandika habari ya nyongeza. Ila piga hesabu. Mwaka 2013, mlinzi alipopata shilingi 100, dada alipata 40. Miaka tisa baadaye, mlinzi alipopata 100, dada alipata 40 na senti kadhaa. Bei ya mchele ilibadilika, kodi za nyumba zikapanda, marais wakabadilishana, lakini uzito wa kazi ya ndani mbele ya kazi ya getini ulibaki palepale. Uwiano unaoganda namna hiyo ni dalili kwamba kilichofanyika ni kuzidisha tarakimu za zamani, na hakuna aliyeketi kuuliza kazi hizi mbili zina nini ndani yake.

Jibu la haraka ni kwamba dada analala bure na anakula bure. Hoja hii ina ukweli na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Amri ileile ya 2022 ilimtaja msaidizi asiyelala kwa mwajiri, anayejilipia chumba na nauli: 120,000. Kwa hiyo hata tukiondoa malazi, bado alikuwa chini ya mlinzi kwa shilingi 28,000. Hayo malazi nayo tuyatazame. Sheria ya Tanzania inaweka ukomo wa saa 45 za kazi kwa wiki, na inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kila saa ya kazi ikiongezewa asilimia tano ya mshahara. Anayelala kazini hana saa ya kutoka. Mgeni akigonga geti saa tano usiku, ni yeye anayeitwa. Mtoto akipandwa na homa usiku wa manane, ni yeye. Godoro alilopewa liko ndani ya kituo chake cha kazi, na tunamkata mshahara kwa ajili yake.

Chukua sasa vile vigezo vinne. Ujuzi: dada anajua kipimo cha dawa ya mtoto, anajua chakula cha bibi mwenye kisukari, anajua gesi inavyovuja na la kufanya ikivuja. Nguvu: ndoo za maji, nguo za kufua kwa mkono, mtoto wa kilo kumi mgongoni. Mazingira: kazi ndani ya nyumba iliyofungwa, bila shahidi, mahali ambapo visa vya kupigwa na kushikwashikwa hutokea na kufa bila kuripotiwa. Kigezo cha dhamana ndicho kinachoniumiza zaidi. Mlinzi amekabidhiwa gari na televisheni, dada amekabidhiwa mtoto. Mzazi yeyote akiulizwa kipi kati ya hivyo angependa kilindwe kwanza, hahitaji kufikiri.

Ipo hoja nyingine, nzito kuliko ya malazi. Mwajiri wa dada mara nyingi si tajiri. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ni mama anayeuza vitenge Kariakoo, ni muuguzi wa zamu. Kazi yake mwenyewe inawezekana tu kwa kuwa kuna mwanamke mwingine nyumbani anayelipwa kidogo. Ukipandisha kima, wanasema, atamwachisha kazi, na msichana atarudi kijijini mikono mitupu. Hofu hiyo naielewa, na nisingependa mtu yeyote aipuuze. Lakini kuna nchi ya bara letu iliyojaribu. Afrika Kusini ilipoweka kima cha chini kwa wafanyakazi wa ndani mwaka 2002, wachumi Taryn Dinkelman na Vimal Ranchhod walifuatilia kilichotokea. Waligundua kwamba mishahara ilipanda, tena mahali ambapo ukaguzi ulikuwa dhaifu, na hawakuona ushahidi wa watu wengi kupoteza ajira. Hilo halimalizi tatizo la mwalimu wetu. Linaonyesha tu kwamba mzigo wake uelekezwe kwingine: kwenye vituo vya kulelea watoto vya bei nafuu ambavyo halmashauri zetu hazijengi. Pengo la huduma ya umma halipaswi kuzibwa na mshahara wa msichana wa miaka 19.

Mafundi wa Dagenham walikuwa na kitu ambacho dada hana: walikuwa 187 chini ya paa moja, na chama chao. Dada yuko peke yake katika kila nyumba. Vyama vya wafanyakazi, CHODAWU nchini Tanzania na KUDHEIHA nchini Kenya, vimefanya kazi ya miaka mingi kuwafikia, mlango kwa mlango, lakini mkataba wa pamoja unahitaji mtu wa kuketi upande wa pili wa meza, na kaya hazina chama cha waajiri. Uruguay ililitatua hilo kwa njia ambayo sijaona sababu ya sisi kushindwa kuiiga. Baada ya sheria ya wafanyakazi wa ndani ya 2006, serikali ilikitambua chama cha akina mama wa nyumbani kuwa mwakilishi wa waajiri, kikakaa na chama cha wafanyakazi wa ndani, na mwaka 2008 wakatia saini makubaliano ya kwanza ya mishahara. Nchi hiyohiyo ikawa ya kwanza duniani kuridhia Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani, uliopitishwa Geneva Juni 2011. Kenya na Tanzania zilishiriki mijadala ile. Hadi mwaka 2023, hakuna hata moja kati yao iliyokuwa imeuridhia.

Bodi za mishahara zinapokaa kuandaa amri nyingine, ziombwe jambo moja: zichapishe, kando ya kila tarakimu, jinsi kazi ilivyopimwa na nani aliyekuwepo. Na kama ongezeko la mara moja linatisha, Afrika Kusini tena ina mfano. Kima cha taifa kilipoanza mwaka 2019, mfanyakazi wa ndani aliwekwa kwenye asilimia 75 yake. Machi 2021 akapandishwa hadi asilimia 88. Machi 2022 akalipwa randi 23.19 kwa saa, sawasawa na mfanyakazi mwingine yeyote wa kima hicho.